Mavazi ya chakula cha jioni melini: ya arusini yanatosha

Meli za kitalii zikifunga gati namba moja pale Kilindini, wakati wa kaskazi, Mombasa huwaona abiria wake mchana tu. Wanashuka na kaptura, miwani ya jua na kamera, wanapanda mabasi kwenda Fort Jesus au Tsavo, na jua likipungua wanarudi ndani. Watu hao hao ukiwaona saa mbili usiku katika ukumbi wa chakula, utadhani ni wengine kabisa. Mimi nimewaona usiku. Kwa miaka mingi nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za aina hiyo, na tangu nirudi nyumbani, swali ninaloulizwa na kila anayejiandaa kusafiri si la dhoruba wala la bei. Ni hili: "Sasa jioni huko kwavaliwa nini?"

Zamani waliouliza walikuwa vijana wanaokwenda kuajiriwa. Siku hizi wengi ni abiria: wazazi walioalikwa na watoto wao walioko Ulaya na Ghuba, maarusi wapya, watu waliodunduiza pesa waione dunia. Na swali lao lina hofu ndani yake, hofu ya kusimamishwa mlangoni mbele za watu. Hofu hiyo imewatia wengine gharama isiyo na sababu. Namjua mtu aliyekopa ili anunue suti nyeusi ya kifahari ya kuvaa siku mbili, na huku kabati lake nyumbani lina kanzu ya kitambaa kizuri, joho la marehemu babake, na kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naliandikia.

Kwanza ujue meli yenyewe ilivyo. Haina mahali pamoja pa kula. Kuna bufee, kwa kawaida ghorofa za juu karibu na bwawa la kuogelea, na huko unaingia na fulana na suruali ya kawaida hata usiku, mradi hukuja na nguo ya kuogelea iliyolowa wala miguu mitupu. Kuna mikahawa midogo ya kulipia, kila mmoja na desturi yake. Halafu kuna ukumbi mkuu, wenye vitambaa vyeupe mezani, glasi zilizopangwa kwa safu na wahudumu waliogawiwa meza zao. Maswali yote ya mavazi ni ya ukumbi huu. Asiyetaka kuvaa ale bufee, na hakuna atakayemuuliza, wala chakula cha huko si cha kumdhalilisha mtu.

Ukumbi mkuu nao haudai vazi moja kila siku. Jioni nyingi hutakiwa unadhifu tu: suruali ndefu na shati lenye kola kwa mwanamume, gauni au suruali na blauzi nzuri kwa mwanamke. Kisha kuna jioni chache za rasmi, ambazo kampuni nyingine huziita za gala. Safari ya siku saba aghalabu huwa na mbili. Carnival, kwa mfano, huweka moja kwa safari fupi na mbili kwa safari ya siku sita kwenda mbele. Norwegian, ambayo meli yake Norwegian Dawn ilifika hapa Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2025, haimlazimishi mtu rasmi hata siku moja. Na upande wa pili wako Cunard, ambao meli yao Britannia ilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1840. Hao bado wameshika heshima ya zamani: usiku wa gala ni koti jeusi na tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito na tai, na gauni la jioni kwa mwanamke. Asiyevaa hivyo huonyeshwa sehemu za meli anazoweza kukaa usiku huo.

Kwa hiyo usisikilize hadithi za jirani aliyesafiri na kampuni nyingine. Soma masharti ya meli yako kabla hujatia nguo sandukuni. Na ukishapanda, kila jioni utaletewa chumbani ratiba ya siku ya pili, au utaisoma kwenye simu, na humo mna mstari unaosema vazi la usiku. Mstari huo mfupi ndio abiria wengi wanaouruka, wakakimbilia habari za muziki na michezo, kisha saa ya chakula ndiyo wanaulizana kwenye lifti.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mtu wa pwani akiniuliza, mimi humjibu kwa vitu anavyovijua. Usiku wa gala ni arusi. Vaa unavyovaa siku unayomwoza bintiyo. Usiku wa kawaida ni kama umealikwa chakula na watu wa heshima baada ya Ijumaa: kanzu safi na koti, au suruali na shati lililopigwa pasi. Bufee ni nyumbani. Ukishika hayo matatu hupotei.

Wengine husita nikisema kanzu. "Si watanirudisha?" Masharti ya Cunard yenyewe, ambao ndio wakali, yanakubali usiku wa gala vazi rasmi la taifa la mtu, na kilti, zile sketi za wanaume wa Kiskoti, na sare za kijeshi. Sijahudumu kwenye meli ambayo mtu aliyevaa vazi la kwao la heshima, safi na kamili, alikosa kiti. Lakini neno "kamili" ndilo lenye kazi, na nitalirudia, kwa sababu nilimwona mzee mmoja akilifundisha bila ya kusema kitu.

Tulikuwa Mediterania, na baadhi ya abiria walipanda Marseille, mji wenye Wangazija wengi. Usiku wa rasmi akaja mlangoni mzee wa Kingazija na mkewe. Kanzu nyeupe imenyooka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Juu yake joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu iliyoteremka kifuani pande zote mbili, mavazi ya arusi kubwa ya kwao. Kofia imekaa sawa, haikuinama upande. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi mpaka taa inaonekana juu yake. Kijana wa mlangoni, mgeni kazini, alikuwa amefundishwa kwamba kofia haziingii ukumbini, akimaanisha zile za michezo zenye ukingo mbele, na akamwomba mzee aivue. Mzee hakubishana wala hakuondoka. Alisimama tu, mkewe pembeni, watu nyuma wakijikusanya.

Nilikuwa karibu na nikamwita msimamizi wa ukumbi, nikamwambia kwa maneno machache kwamba kofia ile kwa mzee ni sehemu ya vazi, kama tai ilivyo kwako. Msimamizi alikuja, akamtazama mzee kutoka viatuni hadi shingoni. Sura yake ikabadilika. Akaomba radhi, akamtolea kiti yeye mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida alituachia sisi. Nilipomletea maji, mzee akanisemesha Kingazija, nami nikamjibu Kiswahili, na tukaelewana vya kutosha. Usiku ule mpiga picha wa meli alirudi meza ile zaidi ya mara moja.

Kilichomfungulia njia ni kwamba hapakuwa na kitu kwenye vazi lake kilichosema "nimevaa kwa haraka." Angalikuja na kanzu ileile imekunjamana, na ndara miguuni, na fulana ya rangi ikionekana shingoni, sidhani kama maneno yangu yangalimfaa. Sisi wahudumu wenyewe kabla ya milango kufunguliwa tulipangwa mstari tukakaguliwa kucha, kola na viatu, kila jioni, na kiatu kisichong'aa kilikurudisha chumbani. Wasimamizi waliokaa miaka kwenye kazi ile macho yao yamezoea kuanza chini kwenda juu. Viatu kwanza.

Na lile koti jeusi la tai ya kipepeo, ambalo watu wetu wanalikopea pesa, nalo lina kwao. Mwaka 1865 Henry Poole, mshonaji wa mtaa wa Savile Row jijini London, alimshonea mwana mkubwa wa kiume wa Malkia Victoria koti fupi lisilo na mikia, la kuvaa wakati wa kula kwake nyumbani. Miaka ya 1880 Wamarekani matajiri wakalivaa Tuxedo Park, karibu na New York, na hapo ndipo lilipopata jina la tuksido. Ni vazi la watu fulani, la jioni, lililokuzwa na waliolithamini. Joho letu limevaliwa na masharifu, makadhi na mabwana arusi kwenye mwambao huu vizazi na vizazi. Sioni kwa nini mtu alivue ili avae la kukodi linalombana mabega.

Ami yangu alinijia na swali hilohilo. Alistaafu kazi ya bandarini, na maisha yake yote aliziona meli hizo kwa nje tu, kutoka gatini. Bintiye ameolewa Uingereza, na wakwe wakaamua familia zote mbili zisafiri pamoja kutoka Southampton hadi Norwei, mwisho wa mwezi wa tano.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi suti ya mwisho nilivaa ofisini. Haifungi tena."

"Ami, joho lako liko wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Liko sandukuni. Toka tulipomwoza Fatuma."

Tulilitoa. Mama mkubwa, mkewe, alikuwa amelihifadhi na karafuu kuzuia nondo, na halikuwa na tundu hata moja. Tukalianika kivulini siku nzima, lisipigwe na jua, harufu ya karafuu ikapungua. Kanzu tukashona mpya mbili kwa fundi wa Mji wa Kale, na hapa nina rai. Pamba tupu ni nzuri kwa joto letu, lakini safarini hukunjika vibaya. Chagua kitambaa kilichochanganywa na poliesta, kizito kidogo, kisichoonyesha ndani. Taa za ukumbi wa meli ni kali, zinatoka juu na pembeni, na kanzu nyepesi inayofaa msikitini mchana huonyesha kila kitu chini yake. Vaa seruni nyeupe na fulana nyeupe ndani, isiyo na maandishi. Na kwa nini mbili? Kwa sababu mchuzi wa nyanya hauchagui. Ami alitaka moja. Nilishikilia mbili, na usiku wa tatu akaihitaji ya pili.

Suala la pasi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Meli inaogopa moto kuliko kitu chochote, na ndiyo maana pasi haziruhusiwi chumbani. Ukija nayo itachukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo, na utarudishiwa siku ya kushuka. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi za abiria, nyingine zina dobi wa kulipwa. Lakini usitegemee, maana jioni ya gala kila mtu ana shida ileile na foleni ni ndefu. Njia yetu sisi wafanyakazi ilikuwa hii: tundika nguo bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango dakika kadhaa mpaka kioo kipate ukungu, kisha zima maji na uipapase nguo kwa kiganja kikavu kutoka shingoni kwenda chini. Mikunjo midogo huondoka. Mikubwa haiondoki, kwa hiyo sanduku lipangwe vizuri tangu nyumbani. Kanzu usiikunje mara nne kama ya dukani. Ilaze kifudifudi, mikono irudishe ndani, kisha uiviringishe taratibu juu ya taulo na uitie kwenye foronya safi. Mifuko ya plastiki tumeishi bila yake tangu marufuku ya Agosti 2017, na kusema kweli foronya ni bora, nguo inapumua.

Kofia ni habari nyingine. Kofia ya vito ikibanwa na viatu imekwisha. Ijaze soksi ndani ishike umbo lake, uibebe kwenye begi la mkononi. Katika begi hilohilo weka vazi la jioni ya kwanza. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na wachukuzi, na mara nyingine hufika mlangoni mwako baada ya saa ya chakula. Kwa sababu hiyo meli nyingi haziweki usiku wa rasmi siku ya kwanza. Huuweka siku ambayo meli iko baharini kutwa, watu wana wasaa wa kuoga na kujipamba.

Mama mkubwa shida yake ilikuwa udi. Hajaenda shughuli yoyote maishani mwake bila nguo kufukizwa, na alikuwa ametenga chetezo kidogo cha kusafiria. Nikamwambia moto haukubaliwi melini hata wa mshumaa, seuze makaa. Alihuzunika kweli. Tukafanya kazi yote nyumbani usiku wa kuamkia safari: chetezo chini ya kiti cha kamba, juu yake abaya moja baada ya nyingine, kisha kanzu na joho, na udi uliopikwa kwa sukari ukipanda polepole. Nguo zikaingia kwenye foronya zikiwa bado na joto kidogo. Bintiye alituambia baadaye kwamba sanduku lilipofunguliwa Southampton, chumba kizima kilinukia. Ushauri wangu ni kufukiza mara moja tu na kuacha manukato ya chupa. Ukumbini mnakaa karibu karibu, na jirani yako anahitaji kuisikia harufu ya chakula chake.

Abaya je, inatosha kwa gala? Inatosha na inabaki. Abaya nyeusi yenye tarizi au vito, na mtandio wa hariri uliobanwa vizuri, ni gauni refu la jioni kwa jicho lolote. Nimeona wanawake wa Ghuba wakiingia hivyo na ukumbi ukageuka. Mambo mawili tu ya kuangalia. La kwanza ni mikono mipana. Inapendeza ukiwa umesimama, lakini meza za meli zimejaa glasi ndefu, na mkono mpana ukinyooka kuchukua chumvi huangusha tatu kwa mpigo, au huingia kwenye supu. Tulimshonea mama mkubwa vifungo vidogo ndani ya mikono ili aibane anapokaa. La pili ni vitambaa vya mapajani. Vyeupe vya pamba huacha nyuzi nyuzi kwenye nguo nyeusi, na ukisimama unaonekana kama umekaa kwenye usufi. Kumbi nzuri huwa na vitambaa vyeusi kwa ajili ya wageni waliovaa giza, na mhudumu hodari hukubadilishia kabla hujasema. Asipofanya hivyo, mwombe. Nilikuwa nikiweka vitatu vinne kwenye kabati langu la pembeni kila usiku wa gala, na sikuwahi kurudi navyo.

Asiyevaa abaya, gauni la kitenge lililoshonwa likamkaa linafaa jioni za kawaida na hata za rasmi likiwa refu na la kitambaa kizuri. Dera silikubali ukumbini, na hili nalisema nikijua kuna watakaochukia. Madera mengine ni ghali na ya kupendeza, lakini ni vazi la kustarehe. Livae chumbani, livae ukiota upepo juu, ukumbini hapana. Leso nazo zipeleke, mbili tatu, kwa sababu hakuna kitu kama leso ya kujifunga ukitoka kuoga katika nchi ya baridi, lakini kwenye chakula cha jioni hazina kazi ila kama umezishona gauni. Chukua pia shali nzito. Kiyoyozi cha ukumbi mkuu hupulizwa kwa ajili ya wanaume waliovaa makoti, na kwa mtu aliyezoea Mombasa ile ni baridi ya kweli. Joho la ami, ambalo hapa kwetu humtoa jasho ndani ya nusu saa, huko lilimstarehesha.

Viatu vya wanawake viwe na kisigino kifupi. Meli ikiyumba, hata kidogo, kisigino kirefu kwenye ngazi zenye zulia ni hatari, na nimewahi kumkamata mgeni mkononi, sahani zikaenda chini. Kwa wanaume, makubadhi mazuri ya ngozi yanapendeza na kanzu, lakini baadhi ya masharti ya meli yanakataa viatu vya wazi kwa wanaume jioni, na mlangoni si mahali pa kuanza kueleza tofauti ya makubadhi na ndara. Vaa viatu vya kufunika, vyeusi. Jozi moja inatosha safari nzima ukichukua na kikopo cha rangi.

Kuna la saa pia, nalo linahusu mavazi kuliko linavyoonekana. Meli nyingi zina zamu mbili za chakula ukumbini, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni, ya pili kama saa mbili. Kwa sisi tunaoswali, safari za Ghuba au Mediterania wakati wa baridi zamu ya kwanza hugongana na Magharibi, na utajikuta unatawadha na joho begani. Omba zamu ya pili mapema, wakati wa kulipia tiketi. Norwei mambo yaligeuka: mwisho wa Mei jua huzama huko baada ya saa nne usiku, basi ami alikula, akapiga picha, akanywa kahawa, akarudi chumbani, na Magharibi bado haijaingia. Chakula cha halali nacho huombwa mapema hivyohivyo, wiki kadhaa kabla.

Vijana wa kiume wasiotaka kanzu, sina ugomvi nao. Suti ya rangi nzito ya mtumba kutoka Kongowea, ikipelekwa kwa fundi akaipunguza mabegani na kuirekebisha mikono, huingia ukumbi wowote. Siri ni fundi, si bei. Jinzi nyeusi isiyochanika meli nyingi za leo huikubali jioni za kawaida. Kaptura, fulana zisizo na mikono na kofia za michezo hazikubaliki. Na nguo za madoadoa ya kijeshi ziacheni nyumbani kabisa, hata kwa kushukia mchana. Nchi kadhaa za Karibi, kama Barbados na Jamaika, zinazikataza kwa raia kisheria.

Picha ya usiku wa gala ililetwa kwenye simu yangu na bintiye ami. Mkwe wa kiume, Mskoti, amevaa kilti ya ukoo wao na koti fupi jeusi. Ami yuko pembeni yake na joho na kofia, mkono juu ya mkono. Mama mkubwa amekaa mbele, mikono ya abaya imefungwa vifungo vyake. Nilimpigia ami simu kumuuliza kama kuna aliyemsumbua mlangoni. "Nani anisumbue?" akasema. "Waliniuliza tu nimeshonewa wapi."

Imebaki habari ya usiku wa mwisho, ambayo hata wasafiri wazoefu huisahau. Usiku ule mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango wa chumba kabla ya kulala, yakachukuliwa, na hutayaona tena mpaka gatini. Chakula cha jioni hiyo huwa cha kawaida kwa sababu kila mtu ameshafunga. Nimewaona watu asubuhi yake wakija kifungua kinywa na nguo za kulalia juu na viatu vya gala chini, kwa kuwa vingine vyote vimekwenda. Kabla hujatoa begi nje, tenga suruali au kanzu ya asubuhi, nguo za ndani, viatu na pasipoti, uviweke juu ya kiti, kisha ndipo ufunge zipu.